Aliyechota kwa Sufuria ya Masizi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, mji wa Kasongo ulikuwa unaishia kwetu. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na mteremko wenye miti, na chini ya mteremko chemchemi iliyonywesha mtaa mzima. Leo pikipiki zinapita hapo zikipiga honi tangu asubuhi, na kijana mmoja ana kibanda cha kuchajia simu. Ukimwambia kwamba amekaa juu ya chemchemi, anakutazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa na sheria nyingi, lakini ya maji ilizizidi zote.

"Hii maji iko na mwenyewe," alituambia. "Musichote na sufuria ya masizi. Akiona masizi atahama, na maji itamufuata."

Alimaanisha sufuria iliyotoka mafigani, nyeusi chini kwa moshi wa kuni. Tulichota kwa ndoo safi au kibuyu. Hata sisi watundu hatukuthubutu kuvunja sheria ile.

Siku moja nikathubutu. Ndoo yetu ilikuwa imepasuka, wenzangu walikuwa wananisubiri turuke kamba, na uvivu wa kwenda kuazima kwa jirani ukanishinda. Nikachukua sufuria ya kupikia sombe, yaani majani ya muhogo, nikaiosha ndani tu, nikaizamisha. Masizi yakaelea juu ya maji kama utando wa uji. Nikajitwika sufuria yangu, nikakimbia.

Kiangazi kile maji yakaanza kupungua. Yakawa membamba kama uzi, mwishowe yakabaki matope. Niliogopa sana. Lakini hakuna aliyenishuku mimi. Walimshuku Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mgeni. Alikimbia vita huko vijijini Kabambare na watoto watatu, akajenga kibanda juu ya mteremko, mtu wa kwanza kujenga nyuma ya nyumba yetu. Wanawake walikuwa wameona alama za masizi kwenye mawe ya chemchemi, na kwao hilo lilitosha: mgeni hajui desturi, nani mwingine angefanya?

Asubuhi moja walikusanyika pale chemchemini. Mama Sifa alisimama katikati, mtoto mgongoni, macho chini. Mimi nilikuwa nyuma ya Koko, nimeshika kikwembe alichojifunga.

"Abomoe nyumba yake, arudi kwabo," alisema jirani yetu mmoja mwenye sauti kubwa. "Pengine maji itarudi."

Arudi wapi? Kijiji chake kilikuwa kimechomwa, na kila mtu pale alijua. Nilitaka kusema. Badala yake nikazidi kujificha nyuma ya Koko.

Koko akasogea mbele. "Muache mutoto wa watu. Ni miye nilichota na sufuria. Nilisahau."

"Weye, Koko?"

"Miye. Kama munafukuza mutu, munifukuze miye."

Nani angemfukuza? Nusu ya wanawake wale walifundishwa sheria ile na yeye mwenyewe walipokuwa wasichana. Wakampa adhabu ya desturi: amwage unga mweupe pale chemchemini, kisha afagie njia ya maji asubuhi saba. Koko akafagia, mgongo umepinda, peke yake.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliamini kwamba kweli naye alichota kwa kusahau, kwa hiyo kosa lilikuwa lake, si langu. Asubuhi ya tatu alipochelewa kidogo kuamka, mimi ndiye niliyemwita: "Koko, ufagio wako!"

Maji hayakurudi. Siku hizi sababu naijua. Mteremko ule tuliuchimba sote kutafuta udongo wa matofali, na miti yake tukaikata kuyachomea. Vyumba viwili alivyoongeza baba yangu vilitoka pale pale. Baada ya Mama Sifa wakaja wengine kumi, kisha barabara nzima. Hayo nayasema kwa akili zangu timamu, na bado moyoni kuna mtoto wa miaka minane asiyeyakubali.

Mwaka jana, Koko akiwa amekwisha fariki zamani, nilimweleza Mama Sifa yote. Sasa ni bibi kizee, anauza mafuta ya mawese sokoni. Nilijua atakasirika. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mwanangu, nilijua tangu siku ile. Koko yako alikuja kwangu alfajiri, mbele ya mukutano kuanza. Alisema, 'Mutoto wangu ndiye alichota. Niliona sufuria, masizi imetoka. Yeye iko mudogo, weye uko mugeni. Miye nimeisha zeeka, watanifanya nini?'"

Ndipo nikakumbuka kwamba juma lile la mkutano sufuria ya sombe ilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka chini pakang'aa kama mpya. Nilidhani Koko alikosa kazi; kumbe alikuwa anaficha kosa langu.

Kwangu sasa kuna bomba uani, na kila Jumamosi nasugua sufuria zangu upande wa nje. Binti zangu wananicheka: "Mama, chakula inapikwa ndani ya sufuria, haipikwe inje yake." Nawaacha wacheke. Wao hawajui ninachokisikia ninaposugua: ule ufagio njiani, na sauti yangu ya kitoto ikimharakisha mzee wa watu. Ningerudishiwa asubuhi moja tu kati ya zile saba, ningeutoa ule ufagio mkononi mwake.