Ncha za Nywele za Inshirah

Je, umewahi kumsikia mwadhini wa Msikiti Mtukufu wa Makka, mara tu baada ya swala ya fardhi, akiwatangazia watu wawaswalie maiti? Takriban kila swala huwa wapo. Waliowaandaa hawatajwi.

Saa nane mchana. Nuwayyir Hawsawi, mwenye miaka hamsini na minane, amekunja mikono ya kanzu, anafumua misuko ya mwanamke aliyelazwa juu ya jiwe la kuoshea. Marehemu ni Inshirah, Mmisri wa Dumyat, aliyeanguka hotelini asubuhi hii. Jeneza lazima lifike msikitini kabla ya alasiri.

"Chapua mikono, Nuwayyir," anasema Shukriya, mwenzake anayemwaga maji. "Utapiga soga na maiti mpaka swala itupite."

"Wewe mwaga maji. Maneno yaache ndooni."

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na mitatu. Anakadiria ameosha wanawake elfu sita. Magoti yamekwisha, vidole vimechanika, na jirani yake mmoja hanywi chai aliyoimimina yeye.

"Watu wanauza mashamba waje waione Nyumba waliyoiinua Ibrahimu na Ismaili," anasema. "Popote duniani, Mwislamu akizikwa anaelekezwa huku. Hawa wamefia mlangoni. Mimi ndiye wa mwisho kuwaandaa. Nikikosea, nani atarekebisha?"

Na aliwahi kukosea. Anayefariki ndani ya ihramu, umra yake haijatimia, hatiwi kafuri wala manukato, na mwanamke hafunikwi uso. Atafufuliwa akiitikia wito wa Mola wake. Mwaka wake wa pili kazini, Nuwayyir aliambiwa marehemu mmoja alishamaliza umra, akamtia kafuri. Ndugu walisema kweli baada ya mazishi.

"Namuota mpaka leo. Naomba kitu kimoja tu kabla magoti hayajaninyima kazi: asitokee mwingine niliyemkosea kama yeye."

Nevin, binti wa Inshirah, amekaa kando ya ukuta. Amesema mama yake alimaliza umra jana. Lakini anayemaliza hupunguzwa ncha za nywele, na hizi alizoshika Nuwayyir zimechongoka, hazijaonja mkasi.

"Binti yangu, nani alimpunguza mama yako nywele?"

"Mimi, shangazi."

"Kwa mkasi wa nani?"

Shukriya ameshainua bakuli la kafuri.

"Liweke chini, Shukriya."

"Alasiri hiyo inaingia!"

"Liweke, nimesema."

Nuwayyir anajifuta mikono polepole, anakwenda kuchuchumaa mbele ya Nevin, magoti yakilia. Hamhimizi.

"Hakumaliza," anasema Nevin. "Kaaba tuliizunguka mara saba. Kule kutembea kati ya Safa na Marwa akawa kila hatua anataka kupumzika. Nikamwambia, 'Umenichosha, Mama, utamalizia kesho.' Usiku kucha hakukubali hata kupaka mafuta yenye harufu."

Anaitazama miguu iliyo juu ya jiwe.

"Asubuhi alikuwa ameshavaa viatu, shangazi. Ananingoja. Mimi nilikuwa nimelala."