Krismasi kwa Zamu

Mama yetu alitaka jambo moja tu, na alianza kulisema tangu mvua za Septemba: watoto wake watatu tuje nyumbani Bukiriro siku moja, tule pamoja, atuone. Tangu baba afariki haikuwa imetokea.

Ugumu ulikuwa Desemba yenyewe. Mimi, mkubwa, nina wakwe Biharamulo, na kwao mkwe asiyeonekana Krismasi ni kama ametoa talaka. Mdogo wangu wa kike ana duka Ngara mjini, na mwenye duka hafungi siku watu wanaponunua. Wa mwisho, kaka yetu, yuko Mwanza, mwanakwaya, na kwa maelezo yake Yesu hawezi kuzaliwa bila sauti yake ya besi.

Nilisomea mipango chuo kikuu. Nikachora ratiba yenye rangi tatu, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp: dada aende kabla ya sikukuu, mimi baada yake, kaka Mwaka Mpya. "Mama hatabaki mpweke," niliandika. Wote wakanitumia dole gumba. Mama hana simu ya kuonyesha rangi.

Tulipofika na mke wangu na watoto, tulimkuta akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyinyi ni zamu ya ngapi?"

"Ya pili."

"Kaeni. Wa kwanza nimewapikia, nyinyi nawapikia, wa tatu watanikuta hapahapa jikoni. Mnakuja kama kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Rulenge. Chupa ya uji iko wapi?"

Mke wangu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Tulikula harakaharaka, kwa kuwa jioni tulikuwa tunasubiriwa Biharamulo kwenye ubatizo. Ratiba ilisema hivyo, na mwandishi wake asingeweza kuivunja.

Mwaka uliofuata sikuchora kitu. Nilidhani huo ndio unyenyekevu. Basi kila mmoja akaamua kimyakimya kumfurahisha mama siku yenyewe ya Krismasi. Dada alifunga duka, kaka akaiacha kwaya bila besi yake, mimi nikawaaga wakwe walionuna, nikaja na mke wangu. Tukakutana uani, tukakumbatiana kama watu waliookoka ajali.

"Msomi, kumbe ratiba yako ndiyo ilikuwa inatuzuia!" dada alinitania.

Mlango ulikuwa na kufuli.

"Nani alimwambia mama tunakuja?" kaka aliuliza.

Hakuna. Kila mmoja alikuwa ametaka kumshtukiza. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, uko wapi?"

"Rulenge, kwa mjane mwenzangu. Nilisali huku, sasa tunakula. Sikusikia neno kutoka kwenu, nikasema mwaka huu hakuna zamu."

"Tumekuja, mama. Sote. Hata wa Mwanza."

Nyuma yake sahani ziligongana, na mtu aliangua kicheko.

"Wote watatu? Mmesimama hapo uani?"

"Sote."

"Leo siwezi kuwatoroka watu walionipikia. Asubuhi nitapanda bodaboda nije mapema. Mtakuwepo?"

Dada alitazama barabara ya kurudi Ngara. Kaka alitoa simu yake, akaangalia saa. Mke wangu alinitazama mimi.

"Tutaangalia, mama," nikasema.

"Haya, angalieni." Akakata.