Kasuku Hafungwi Kama Kuku

Enzi zetu, tukiishi kwa laini za wafanyakazi kule Gilgil, hakuna mtoto aliyekuwa tajiri kunishinda mimi. Wengine walikuwa na mpira wa matambara. Mimi nilikuwa na kasuku! Wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili, jina lake Karani. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba. Mzungu alipouza akaenda kwao, alimwachia Baba yule ndege akamwambia, "Mtunze." Na Baba alikuwa mtu wa neno lake.

Karani aliishika sauti ya Mama kuliko sisi watoto wa kumzaa. Uji haujachemka, unasikia, "Wewe Njeri! Umechota maji?" Naruka kitandani, nashika debe, mbio mtoni, kumbe Mama bado amelala! Watoto wa laini nzima walijaa kwetu. Tukimpa mahindi ya kuchemsha anakula, maganda anatutupia kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa televisheni yetu, na haikupotelewa na stima hata siku moja.

Sasa, Jumamosi moja nikaamua aote jua. Kwetu kuku mwenye vifaranga alifungwa mguu kwa kitambaa, akawekwa kwa kigingi asimalize mboga za jirani. Mimi nikaona ndege ni ndege. Nikamfunga Karani mguu kwa kamba ya katani, upande wa pili nikafunga kwa ufito wa ua. Nilijiona hodari! Mara mwewe akapita juu. Karani akapaa kwa nguvu zake zote, kamba ikafika mwisho, ikamvuta mguu, akabaki ananing'inia kichwa chini, mabawa yakipiga ua pa! pa! pa! Mimi nikaganda kama mti. Yeye ndiye alipiga kelele, na kwa sauti ya Mama: "Njeri! Njeri! Njoo hapa!"

Mama alitoka jikoni mbio, unga mikononi, aone ni nani huyo anamwita mtoto wake. Akamfunika ndege kwa leso, akamwinua, akakata kamba. Mguu ulikuwa umevimba, lakini haukuvunjika.

Baba aliporudi aliupapasa kwa kidole kimoja, polepole. Hakunichapa. Alisema tu, "Kuku hutembea. Huyu huruka. Mguu kama njiti ya kiberiti utabeba mwili mzima?" Heri angenichapa.

Mama akachukua sweta yangu ya shule, akakata mkono mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Akamshonea Karani kizibao: tundu la kichwa, matundu mawili ya mabawa, na kamba mgongoni, ili akivutwa uzito uende kwa kifua. Wiki mbili alivishwa akiwa ndani ya nyumba, kidogo kidogo, kila mara na njugu yake, ndipo akatoka nje. Na kamba ilishikwa na mkono wa mtu. Kwa ua, ng'o! Siku alipopaa kutoka begani mwangu mpaka kamba ikaisha, akageuka akarudi mwenyewe, laini nzima ilipiga makofi! Muhula mzima nilienda shule mkono mmoja ukiwa na baridi, na sikujali.

Juzi hapa Nakuru nampata mjukuu wangu Wambui nje na kasuku wake. Ana kibali cha kumfuga na kila kitu. Lakini ndege ana mnyororo mguuni, na mwenyewe macho yako kwa simu.

"Shosho, relax. Hii ni ya kisasa."

"Mnyororo ni wa kisasa. Mguu ni ule ule."

Akacheka, lakini akamwingiza ndani, akaufungua. Nikamwambia asimtoe tena mpaka apate mshipi wa kifua. Nyinyi vijana mnaagiza kila kitu kwa simu. Sweta ya kukata ndiyo hamna.

Karani aliishi kumshinda Mama. Mama tulikuwa tumeshamzika miaka mingi, na bado kila asubuhi, "Wewe Njeri! Umechota maji?" Nami, mwanamke mzima mwenye watoto wangu, najibu, "Bado, Mama," nachukua debe.

Sasa maji yako ndani ya nyumba. Nafungua mfereji tu. Na hakuna anayeniuliza.