Usipojua Kusoma, Humpati

Jailos Kalinga wa Ilula alikuwa kijana mwenye shamba zuri la nyanya na sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara kuu. Kusoma tu ndiko hakujua. Mwaka 1973 alikwenda kwa mzee Yotamu kumposa binti yake, Damari. Mzee hakumzungusha.

"Usipojua kusoma, Damari humpati."

Jailos alirudi nyumbani akipiga mluzi, kama mtu aliyekwisha kukubaliwa. Kesho yake akajiandikisha darasa la watu wazima, akaketi kwenye dawati la watoto, magoti juu. Mwaka mzima alipambana na herufi. B na d zilimtesa mno. Lakini siku alipoweza kusoma kipande cha gazeti kilichofungia chumvi dukani, alivaa shati jeupe akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Kamwene, baba," akamwamkia kwa Kihehe. "Sasa najua kusoma." Akamsomea kipande chote, mpaka pale kilipochanika.

Mzee akampongeza. Kisha akageuka kuingia ndani.

"Na Damari, baba? Si ulisema nikijua kusoma utanipa?"

"Sikusema hivyo. Nilisema usipojua, humpati. Ukijua je? Hilo sijalisema bado."

Jailos alitoka pale anafoka, akaenda kumshtaki mzee kwa mwalimu wake, Evarista. Mwalimu akacheka.

"Hakukudanganya, Kalinga. Usipokuwa na tiketi, hupandi basi la Iringa. Je, ukiwa nayo, ni lazima upande?"

Jailos akakumbuka Jumatatu moja aliyosimama barabarani, tiketi mkononi, basi likampita limejaa pomoni.

"Kumbe nilisikia nilichotaka kusikia!"

"Mzee alikuambia kitakachomfanya akatae. Hukumwuliza kitakachomfanya akubali."

Jioni ileile akarudi. "Baba, nikifanya nini utakubali?"

Mzee Yotamu akatabasamu. "Damari mwenyewe akikubali, nami nimekubali. Hilo sasa nimelisema."

Damari alikuwa uani akichambua maharage. Sauti yote ya Jailos ikamwishia; akauliza kwa kunong'ona.

"Mwaka mzima unapita hapa na daftari kwapani, hata siku moja hujaniuliza mimi," Damari akasema. "Ungeniuliza mwaka jana, ningekuwa nimeshakujibu."

"Ungenijibu nini?"

"Ungeuliza, ungejua!"

Akacheka mpaka ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa uani. Jailos akapiga magoti kuyaokota, na Damari akainama kumsaidia. Walipomaliza, jibu lilikuwa limeshatolewa.

Walifunga ndoa kanisani baada ya mavuno. Tangu hapo wachuuzi wa nyanya walimwona Jailos msumbufu. Mtu akimwambia, "Mvua ikinyesha, siji," yeye humtazama usoni.

"Na isiponyesha," huuliza, "unakuja, au hilo hujalisema?"

Damari, ndani, hujiziba mdomo kwa khanga.