Risasi Niliyoiona Ikiyumba

Risasi inapoyeyuka ina harufu yake, nami naijua kama wengine wanavyojua harufu ya mkate. Ni harufu kali ya moshi na chuma, inakaa nyuma ya koo na kuuacha ulimi na utamu ambao si wa chakula. Baba aliiyeyushia nyuma ya jiko, katika kopo la nyanya lililofungwa mpini wa waya, na malighafi yake ilikuwa betri kuukuu za malori yaliyofia kwenye barabara ya Walikale. Kijiji chetu kilikaa pale ambapo vilima vya Masisi vinachoka na kuanza kuteremkia msituni: juu yetu ng'ombe na maharagwe, chini yetu miti isiyo na mwisho. Nilikuwa na miaka kumi. Msimu ule mihogo ilikuwa inakomaa, na mbogo dume mmoja alikuwa akitoka msituni kila alfajiri kutukanyagia mashamba. Alikuwa ameshaua mbwa wawili na kumvunja mbavu mama mmoja aliyekwenda kuchota maji. Nyumba yetu peke yake ndiyo iliyokuwa na bunduki ya marisau, ile ambayo watu wa kwetu huiita kalibre duze.

Marisau ni ya kanga na nyani. Ukimpiga mbogo kwa marisau umemkuna tu, na mbogo hapendi kukunwa. Kwa hiyo Baba alifungua kartushi, lile ganda la baruti, akamwaga vile vipunje, na mahali pake akatia gololi moja ya risasi, nzito, ya kujaza mtutu. Kumimina gololi hizo kwenye kalibu ya udongo ilikuwa kazi yangu, maana tangu alipougua mikono ya Baba ilikuwa inatetemeka. Alinifundisha kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo jingine lolote. Gololi ikipoa, unaiviringisha juu ya sahani ya bati. Ikiwa nzima ndani, inakwenda moja kwa moja. Ikiwa imefungia hewa tumboni, inayumba kama mtu anayetoka kunywa pombe ya kasiksi, na gololi inayoyumba kwenye sahani itayumba pia angani. Hiyo unairudisha kwenye moto, hata kama ni ya kumi, hata kama kuni zimekwisha.

Nitasema wazi nilichofanya, maana mficha uchi hazai. Ilikuwa Jumamosi alasiri na watoto wa kwaya walikuwa wameshaanza kuimba kanisani; sauti zao zilinifikia pale jikoni na kunichoma moyo, kwa kuwa siku ile ndiyo walikuwa wanachagua nani ataimba peke yake. Nilimimina gololi tano. Nne zilikwenda sawa. Ya tano iliyumba, ikapinda, ikagonga ukingo wa sahani na kusimama. Moto ulikuwa umelala. Niliitazama kidogo, nikaiweka pamoja na wenzake, nikanawa mikono. Baba alipita na kuniuliza, "Zote zimetembea muzuri?" Nikamjibu, "Ndiyo, Papa. Zote." Nikakimbia kwenda kuimba, na hata sikuchaguliwa.

Mpigaji alikuwa baba mdogo Bahati, mdogo wake Baba, mtu wa vicheko na mabega mapana. Mkewe aliitwa Sifa, mwenyeji wa Kashuga, na ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila wiki mbili huku akinisengenyea kijiji kizima. Alfajiri ya Jumatatu walikuwa wamegombana. Mama yake Sifa alikuwa mgonjwa, yeye alitaka kwenda kumwona, na mumewe alimwambia asubiri mpaka mbogo afe. Majirani wote walimsikia Sifa akipiga kelele mlangoni: "Basi, kwenda! Kwenda na usirudie!" Ni maneno ambayo mke yeyote mwenye hasira huyasema, na jioni huyapoozesha kwa ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Wanawake na watoto tulilala kifudifudi kwenye ukingo juu ya shamba, tumekatazwa hata kukohoa. Ukungu ulikuwa magotini mwa mbogo. Baba mdogo alipiga goti nyuma ya kisiki, Baba akiwa kando yake na mkuki, na bunduki ikalia. Gololi ilipaswa kuingia nyuma ya bega. Badala yake mbogo aliinua kichwa, na taya lake la chini lilikuwa linaning'inia, limevunjika, likimwaga damu na povu. Hakukimbia. Alimtazama aliyempiga, akaja. Baba mdogo alikuwa ameifungua bunduki na mkono wake ulikuwa bado mfukoni ukitafuta kartushi ya pili. Pembe iliingia chini ya kitovu ikatokea ubavuni. Mbogo alimwinua, akamtikisa, akamtupa, akamrudia chini na kumsaga kwa paji la uso. Nilisikia mifupa. Nilimsikia akimwita Sifa, kisha akawa hawezi kuita. Baba alimchoma mnyama kwa mkuki mpaka mpini ukakatika mkononi mwake, akaokota bunduki na kartushi ya pili kwenye matope, na kwa mikono ile ile ya kutetemeka akaisukumia ndani, akaweka mtutu nyuma ya sikio la mbogo na kufyatua. Gololi ile ilikwenda ilikotakiwa. Mbogo aliangukia miguu ya Baba mdogo, na ilihitaji wanaume sita kumwondoa.

Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea kituo cha afya. Alikata roho kabla ya kilima cha pili, akiomba maji ambayo walikataa kumpa kwa sababu ya lile tumbo. Kule shambani watu walimrukia mbogo aliyekwisha kufa, wakamkatakata kwa mapanga huku wakimtukana, na wasio na panga walimpiga mawe machoni. Hata mwalimu wetu wa katekisimu alipiga. Nyama ilipikwa matangani. Nililia, na nilikula.

Sisi tulikuwa Wakristo wa kusali kila Jumapili, lakini msitu nao ulikuwa na katekisimu yake. Kwetu ilijulikana kwamba mwindaji hatoki kwenye nyumba yenye ugomvi. Mke anayemsindikiza mumewe kwa mdomo mchungu huipindisha risasi, na lolote likitokea porini, mwenye kosa hatafutwi porini, anatafutwa jikoni. Siku ya tatu ya matanga wazee walimuuliza Baba kama hitilafu ilikuwa kwenye kazi yake. Baba alikuwa mtu wa haki. Alileta sahani ya bati na gololi tatu zilizobaki, akaziviringisha mbele ya wote, moja baada ya nyingine. Zote zilikwenda sawa kabisa. Kisha akanigeukia mimi. "Na zile mbili zilitumika, zilitembea vile vile?"

Ua mzima uligeuka kunisikiliza. Nilimwona Sifa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, mtoto wake kifuani, na mimba ya miezi michache ambayo mimi sikuijua.

"Zilitembea, Papa," nilisema.

Shangazi yangu akainuka. "Kama risasi haina kosa, basi njo mudomo ya ule mwanamuke ilimuua. Bote tulimusikia!" Hakumaliza vizuri. Mawifi walimvuta Sifa kutoka kwenye mkeka kwa kile kitambaa cha kichwani. Walimpiga kwa michi ya kutwangia sombe, mgongoni, mapajani, kwenye vidole alivyomkingia mtoto. Mmoja alimnyoa kwa wembe mkavu mpaka damu ikamwingia machoni. Baba alisema, "Inatosha," mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akaingia ndani. Walimsukuma Sifa mpaka barabarani wakimrushia udongo, akaanguka, akainuka, akampandisha mtoto mgongoni. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kumgusa. Sentensi moja ingetosha kuzuia yote yale, nami nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kupigwa mimi. Niliona aibu siku ile, na bado naiona.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekua. Leo ninafundisha shule ya msingi Masisi, na wanafunzi wangu wanaweza kukutajia bunduki kwa mlio wake tu huku wakiendelea kuandika imla. Mbogo upande wetu hayupo tena. Ukitaka kumwona, wanasema, utembee siku nyingi ndani ya Walikale. Risasi zimekuwa nyingi kuliko wanyama. Watu wanapigwa barabarani, shambani, mlangoni mwao, wanazikwa, na hakuna anayeleta sahani kuuliza risasi ilitembeaje. Wako wanaosema zamani kulikuwa na heshima, kifo cha mtu kilikuwa na kesi. Mimi nilikuwepo kwenye kesi mojawapo. Sitamani irudi, ila na hali hii ya leo siiwezi.

Mwaka jana nilipata habari kwamba Sifa yu hai, Kashuga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, akilima maharagwe kwenye kipande cha shamba la watu. Nilipanda pikipiki. Nilimkuta ameinama na jembe, mwembamba, nywele nyeupe, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda. Nilimwambia mimi ni nani, na kabla hajafurahi nikamwambia yote: kwaya, moto uliolala, gololi ya tano, sahani.

"Iliyumba?" aliuliza.

"Iliyumba, Mama Sifa. Niliiona kwa macho yangu."

Aliweka jembe chini, akakaa kwenye tuta. Kule barabarani mwenye pikipiki akapiga honi. "Miye nilijua njo miye," alisema mwishowe. "Miaka yote hii naomba Mungu musamaha juu ya kumuua bwana yangu. Hata batoto niliwaambia: mimi njo nilimuua baba yenu."

Nilipiga magoti kumwomba msamaha. Aliusukuma mkono wangu kando, si kwa ukali, kama mtu anayeondoa kitu njiani. Akainuka, akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule bado unayo: "Batoto! Mukuye! Mukuye bote, na bajirani bakuye!" Wakaja na majembe yao, watu kama ishirini, na mbele yao mwanamume mwenye mabega mapana na dada yake aliyezaliwa baada ya matanga.

"Sema," Sifa aliniambia. "Sema kwa nguvu, bote bakusikie."

Nilisema. Nilisimulia mpaka mwisho, magoti yangu bado yakiwa kwenye udongo.

"Tena," akasema.