Mwanzi wa Jirani Yetu Mchina

Hadi leo nikisikia kufuli likibanwa kwa nje, huenda kuujaribu mlango. Kila asubuhi mlio huo ulinifungia ndani ya nyumba ya Tata, dada yake baba, kule mtaa wa Dallas, mjini Embu. Alimwahidi mama angenipeleka shule. Shule gani! Alinifunga mtoto wake mgongoni, akatia kufuli, akaenda zake dukani. Yunifomu yangu ilikaa sandukuni ikinuka dawa ya nondo.

Dirisha la jikoni lilitazama kwa jirani, Mchina aliyekuja kujenga barabara. Alikuwa amepanda mwanzi kwenye debe, na jioni aliumwagilia maji huku akiusemesha kama ng'ombe wa maziwa. Siku moja upepo uliulaza mpaka chini, nikapiga kelele kwamba umevunjika.

"Hapana vunjika, mtoto," akasema. "Yeye nainama tu. Mizizi nashika. Kwetu China, mtu mzuri iko kama huyu."

Nilikasirika, jamani! Kuinama nilikujua. Mama aliinamia kila mtu, Tata akiwemo, na ndiyo maana mimi nilikuwa pale.

Shule zilipokaribia kufungwa, mama akaja kutoka kwetu Kianjai, kule Meru, na ndizi na maharagwe ya njahi. Tata alikuwa ameshanionya: "Ukiulizwa, unasoma vizuri. Umesikia?"

Mama alinishika mikono, akaiona ilivyochanika kwa sabuni. "Shule iko aje, Kendi?"

Nikamtazama Tata. Mama naye akainamisha kichwa, akanywa chai yake, akamshukuru Tata kwa kunitunza, akarudia kushukuru, mpaka nikaona uchungu. Nikajua nimeachwa.

Aliposimama akasema kwa upole, "Wifi, wacha huyu anisindikize kidogo."

Nani angemnyima mgeni wa kumsindikiza? Tata mwenyewe ndiye aliyemfungua mtoto mgongoni mwangu.

Tulipita geti, tukapita maduka. Kwa kawaida mgeni hufika mahali akakuambia urudi sasa, nami nililingoja neno hilo kila kona. Halikuja. Pale stendi, mama akanisukuma ndani ya gari la Meru.

"Panda," akasema. "Na usigeuke nyuma."

Sanduku lilibaki kwa Tata. Nilianza shule Kianjai nikivaa gauni la nyumbani, na Mchina sikumwona tena. Nimekuja kumwelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Pale mezani, nilipodhani mama ameniacha, alikuwa ameinama tu, na mkono wangu hakuwa ameuachilia.