Maji Yasiyonuka Moshi

Nianze na meno yake, maana wivu wangu ulianzia hapo. Sisi tuliozaliwa upande wa Elmenteita meno yetu yalikuwa ya kahawia kwa sababu ya maji ya kisima, na hakuna aliyejali mpaka shuleni alipoletwa msichana ambaye baba yake alikuwa amehamishwa na shirika la reli kutoka magharibi. Siku ya kwanza alicheka, nikaona meno meupe kama ule udongo wa machimbo ya Kariandusi aliouchimba baba yangu. Tangu siku hiyo nikawa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mwaka huo watoto kadhaa walikuwa wameharisha vibaya, na Bwana Afya, mkaguzi wa serikali aliyepita na baiskeli akichungulia vyoo na visima, akatuachia amri. Maji ya kunywa yachemshwe kila asubuhi, debe lifungiwe ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na mtu mmoja tu ashike ufunguo. Siku yoyote angerudi, na akikuta maji mabichi, shule ingefungwa.

Ufunguo ule niliuhesabu wangu. Nani mwingine? Nilikuwa wa kwanza darasani, na nilibeba maji mgongoni kabla sijajua kuandika jina langu. Mwalimu akampa mgeni.

"Angalieni meno yake," alisema. "Huyu ndiye anajua maji safi."

Akamvisha ufunguo shingoni kwa uzi mwekundu. Niliuchukia hata uzi wenyewe.

Kila asubuhi yule msichana aliwasha moto nyuma ya darasa, akafunika debe kwa kipande cha bati na kuweka jiwe juu. Mimi niliona maringo matupu. Kwetu maji yalichemshwa wazi, juu ya kuni, na yalinuka moshi. Hilo lilijulikana na kila mtu bila kufundishwa: maji yenye moshi yamechemka, yasiyo na moshi ni mabichi. Nami niliyaonja yake siku nne mfululizo. Hayakunuka kitu. Kila nilipomeza, nilifurahi zaidi.

Siku ya tano nilimwendea Mwalimu na kikombe.

"Mwalimu, hii maji haijachemka. Onja. Haina moshi."

Mwalimu alikuwa mtu wa huko huko kwetu. Alionja, akaonja tena, akamwita yule msichana.

"Ulichemsha?"

"Nilichemsha, Mwalimu."

"Sasa moshi iko wapi?"

"Nilifunika," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikuuliza kama ulifunika."

Akamvua uzi, akanivisha mimi. Ufunguo ulipogusa kifua changu ulikuwa bado na joto la mwili wake, na sitadanganya, niliona raha.

Wiki ya kwanza nilichemsha kweli, debe wazi. Watoto walikunja nyuso wakinywa na kusema haya sasa ndiyo maji. Halafu mvua zikaanza, kuni zikalowa. Nikagundua kwamba debe zima huchukua muda kuchemka, lakini moshi haukawii. Nikawa natumbukiza kijinga cha moto ndani ya maji ya kisima, yanalia chwaa, kisha naopoa vipande vya mkaa kwa kata. Msiniulize kama nilijua ninachofanya. Nilijua.

Yule msichana naye alianza kuja na birika kubwa la kwao, limefungwa kwa kitambaa, na wakati wa mapumziko aliwamiminia watoto wa darasa la kwanza. Nilisema anajinunulia marafiki. Nilimwonea kijicho hata kwa birika.

Asubuhi moja baiskeli ya Bwana Afya ikaegemea ukuta wetu. Tukapanga mstari. Nilifungua kufuli mbele ya shule nzima, nikachota maji kwa kata, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Onja, Bwana. Inanuka moshi."

Hakuonja. Aliweka kiganja ubavuni mwa debe.

"Ilichemka saa ngapi?"

"Alfajiri hii, Bwana."

"Debe nzima imepoa hivi? Ni baridi kama ya kisima."

Akaizamisha kata mpaka chini, akaitoa na kipande cha mkaa. Akakitazama, kisha akanitazama.

"Hii ni maji ama ni jiko?"

Hakuna aliyecheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na ufunguo shingoni. Bwana Afya alitoa daftari lake. Niliwaza nyumbani: shule ikifungwa, wavulana wangetafutiwa nyingine mbali, sisi wasichana tungerudi jikoni moja kwa moja.

Yule msichana akatoka kwenye mstari na birika lake.

"Bwana, wadogo wanakunywa hii."

Bwana Afya aliligusa, akaondoa mkono upesi. Akafunua, akanusa, akauliza mbona maji hayanuki moshi.

"Mama alinifundisha. Ukifunika, inachemka haraka na moshi haiingii."

"Kwa nini si huyu anashika ufunguo?" Bwana Afya alimwuliza Mwalimu.

Mwalimu alinitazama mimi. Sikungoja. Niliufungua uzi mwenyewe. Bwana Afya alimwaga debe langu nyasini, akaandika kwamba maji yatachemshwa na mwenye birika, kisha akarudisha daftari mfukoni. Shule ilibaki wazi.

Nilisubiri yule msichana anicheke. Ilikuwa haki yake, na meno alikuwa nayo. Badala yake alimimina maji kwenye kikombe, akayapuliza kidogo, akanipa.

"Kunywa," alisema. "Umetoka jasho."

Niliyanywa yote nikitafuta kosa ndani yake. Hayakuwa na moshi wala ladha ya aina yoyote.

Sasa mimi ni mzee. Meno yangu ya kahawia yameng'oka karibu yote, na wivu wa meno nimepona. Wa mkono ulionipa kile kikombe, bado.